Hakuna Aliyeachishwa Kazi

Usiku wa kuamkia Jumanne, Agosti 23, 2022, sikupata usingizi. Nilikuwa karani wa sensa jijini Mwanza, na kishikwambi nilichokabidhiwa nilikuwa nimekichaji hadi kikajaa, nikakizima, nikakiwasha tena kuhakikisha. Kulipopambazuka nilivaa kizibao changu, nikamfuata mjumbe aliyepangwa kunionyesha mipaka ya eneo, tukaanza kupanda mlima.

Anayeijua Mwanza hataniuliza mlima gani, maana iko mingi na yote imejaa. Kwa asiyeijua: mji wetu umekaa kati ya ziwa na mawe. Chini ni barabara, maduka, stendi na bandari. Juu ni majabali makubwa kupita malori, na katikati ya majabali hayo, nyumba. Igogo, Mabatini, Isamilo, bati juu ya bati, ukuta wa huyu ndio ngazi ya yule. Maji hupanda kichwani mwa mtu. Jeneza hushuka mabegani, watu wakipokezana, kwa sababu gari halifiki.

Eneo langu sitalitaja, na yaliyomo ndani ya kaya nilizohesabu sitayasimulia hapa wala popote, kwa kuwa niliapa. Ila lipo jambo ambalo halikuhitaji kiapo wala kishikwambi. Unafika mlangoni, unamwamkia mkuu wa kaya, unauliza nani na nani walilala hapa usiku wa kuamkia leo, na majina yanaanza kuja. Unadhani yamekwisha, mtoto anachungulia kutoka chumba cha nyuma, unaanza tena. Siku ya tatu sauti ilikuwa imenikauka. Nilishuka jioni miguu ikitetemeka, nikaliona ziwa lote limegeuka rangi ya shaba, nikajisemea: mji huu unakua.

Matokeo yalipotoka yaliniunga mkono. Mwaka 2012 wilaya mbili zinazolifanya jiji, Nyamagana na Ilemela, zilikuwa na watu 706,453. Mwaka 2022 zilikuwa na watu 1,104,521. Ndani ya miaka 10 tu tumeongezeka karibu laki nne. Nilizisoma takwimu hizo kwa fahari, kama mtu aliyeshiriki kuzipika. Nimechukua muda mrefu kugundua zilichokificha, na nilikigundua kwa kusoma habari za mji ambao sijawahi kuukanyaga.

Kazi ile iliniachia hamu ya kusoma sensa za miji mingine. Nilianza na miji iliyo kando ya maziwa, kwa sababu mimi ni mtoto wa ziwa, na kule Marekani kaskazini kuna maziwa makubwa matano yenye miji iliyowahi kuilisha dunia chuma na magari. Cleveland, kando ya Ziwa Erie: watu 914,808 mwaka 1950, watu 372,624 mwaka 2020. Buffalo, ziwa hilohilo: kutoka 580,132 hadi 278,349. Gary, mji uliojengwa na kampuni ya chuma mwaka 1906 kusini mwa Ziwa Michigan, ulikuwa na watu 178,320 mwaka 1960, na sensa ya 2020 ikakuta 69,093. Nilidhani nimesoma vibaya. Kwetu namba za watu huenda upande mmoja tu. Sikuwa nimewahi kuziona zikishuka ngazi.

Kisha nikafika Detroit, nikakaa hapo wiki kadhaa.

Detroit iko kando ya mto unaounganisha Ziwa St. Clair na Ziwa Erie. Huko Highland Park, kijimji kilichozungukwa na Detroit, ndiko kiwanda cha Ford kilikoanza mwaka 1913 kuyafanya magari yawasogelee wafanyakazi badala ya wafanyakazi kuyafuata magari, na mwaka uliofuata kampuni ikatangaza ujira wa dola tano kwa siku. Watu wakamiminika kutoka Ulaya, kutoka mashamba ya jirani, na Wamarekani Weusi kwa maelfu kutoka majimbo ya kusini walikokuwa wakikimbia dhuluma. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu 1,849,568, mji wa tano kwa ukubwa nchini mwao. Tangu hapo kila sensa ilikuta wamepungua: mwaka 1970 zaidi kidogo ya milioni moja na nusu, mwaka 1990 milioni moja na kidogo, mwaka 2010 watu 713,777, mwaka 2020 watu 639,111.

Toa, utapata zaidi ya watu milioni 1.2 walioondoka au wasiozaliwa hapo. Ni wengi kuliko wote tuliowahesabu Nyamagana na Ilemela. Ni kana kwamba mtu ameiokota Mwanza nzima, mlima kwa mlima, kuanzia Nyegezi hadi Igombe, akaiondoa ndani ya mji mwingine na kuziacha nyumba zake zikiwa zimesimama.

Na nyumba zilisimama kweli. Mji ulipoomba mahakamani kinga ya kufilisika Julai 2013, ukiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18, ulikuwa na majengo yaliyotelekezwa yapatayo 78,000. Taa za barabarani karibu 40 katika kila 100 zilikuwa haziwaki. Kuna kiwanda cha magari cha Packard kilichosimamisha kazi miaka ya 1950. Majengo yake marefu yakaachwa yachakae kwa miongo mingi, miti ikaota ghorofani, na ni mwaka 2022, mwaka uleule nilipokuwa napanda mlima na kishikwambi, ndipo jiji likaanza kuyabomoa.

Watu walikwenda wapi? Hili lilinisumbua kuliko namba zenyewe, kwa sababu karani hufundishwa kwamba mtu hapotei, hulala mahali fulani. Wengi hawakwenda mbali. Viwanda vipya vilitaka ardhi tambarare na majengo ya ghorofa moja, vikajengwa nje ya mpaka wa jiji, na vingine katika majimbo ya kusini yenye ujira mdogo. Serikali kuu ilijenga barabara pana za kutokea mjini na ikadhamini mikopo ya nyumba huko pembezoni, lakini mikopo hiyo kwa miongo mingi ilikuwa ya Wazungu. Weusi walinyimwa. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alijenga ukuta wa zege wenye urefu wa nusu maili karibu na barabara ya 8 Mile, kutenganisha mtaa wa Weusi na mtaa mpya wa Wazungu, ili mradi wake ukubaliwe kudhaminiwa. Ukuta huo bado upo. Nimezitazama picha zake nyingi. Upande mmoja watu wameuchora rangi nzuri, watoto na nyumba na mapovu ya sabuni.

Mwaka 1967 zilizuka ghasia za mitaani, mji ukawaka moto, watu 43 wakafa, na waliokuwa bado wanajiuliza kama waondoke wakapata jibu. Kila familia iliyovuka mpaka iliondoka na kodi yake. Mabomba ya maji yakabaki na urefu uleule, barabara zilezile, mtaa wa nyumba 40 ukawa na nyumba 6 zenye watu, na hizo 6 zikatakiwa kulipia mabomba ya 40. Aliyekuwa na uwezo wa kuondoka kesho alisukumwa na kuondoka kwa jirani jana. Hivyo ndivyo mji unavyojimwaga wenyewe. Hakuna tauni iliyopita Detroit. Eneo lote kubwa, ukijumlisha miji ya pembeni, lina watu zaidi ya milioni nne mpaka leo.

Nilipofika hapo ndipo nilipoacha kusoma habari za Detroit na kuanza kumfikiria mama yangu.

Maana Mwanza nayo iliwahi kuwa mji wa viwanda, na viwanda vilikufa. Tunalisahau hilo kwa sababu hakuna mtaa uliobaki mtupu wa kutukumbusha. Reli ilifika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, na kilichoileta zaidi ni pamba. Wakulima wa Kisukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaanzisha vyama vyao, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa mbele. Ushirika ule ulimiliki vinu vyake vya kuchambua pamba na ukahesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika. Kwa babu zetu, ofisi ile ya ushirika ilikuwa ushahidi kwamba mkulima asiyevaa viatu anaweza kuajiri mhasibu. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na viliporudi miaka ya 1980 havikurudi na nguvu zilezile.

Halafu nguo. Baada ya uhuru nchi iliamua kwamba pamba isitoke yote ikiwa marobota, ifumwe hapahapa. Nyakato, kwenye barabara ya Musoma, kikajengwa kiwanda cha Mwatex. Musoma ikapata chake. Kwa miaka kadhaa mtu wa Kanda ya Ziwa aliweza kuvaa kanga iliyotokana na pamba ya shamba la shangazi yake. Lakini baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, vipuri vikawa havipatikani, umeme ukawa wa kukatika, na katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilipofunguliwa mitumba ikaingia kama maji ya mafuriko. Viwanda vya nguo vya umma nchini viliingia miaka ya 1990 vikiwa hoi, vingi vikafungwa au kuuzwa. Sehemu kubwa ya pamba yetu leo inasafirishwa nje bila kufumwa. Sina uchungu na mitumba, nimekua nikiivaa. Nina uchungu na mafundi. Mtu aliyejua kuisikiliza mashine ya kufuma na kusema ni gurudumu lipi linaumwa, ujuzi ule alikwenda nao wapi?

Na samaki sasa, ambako ndiko kwetu.

Sangara alipandikizwa ziwani enzi za ukoloni, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala furu, samaki wetu wadogo wa asili, kwa aina mamia, na yeye mwenyewe akawa ndiye utajiri. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaota kandokando ya ghuba ya Mwanza, ndege za mizigo zikawa zinatua usiku, minofu ikalala Mwanza na kuamkia Ulaya. Mama aliingia katika kimoja cha viwanda hivyo. Sitakitaja. Nilikuwa na miaka minane, namkumbuka akiondoka saa kumi alfajiri na kisu chake amekifunga kwenye kitambaa.

Watu husema "alikuwa anafanya kazi kiwandani" na nami nilisema hivyo shuleni kwa majivuno. Ilikuwa hivi. Alfajiri wanawake na vijana hujipanga getini. Msimamizi hutoka, hutazama, huhesabu samaki walioshuka usiku, kisha hunyoosha kidole: wewe, wewe, wewe, yule mwenye kitenge. Aliyenyooshewa kidole huingia, huvaa koti jeupe na mabuti meupe, hulipwa ya siku hiyo. Asiyenyooshewa hurudi nyumbani au husubiri zamu ya mchana. Waajiriwa wa kudumu walikuwepo, wachache. Mama alikuwa kibarua. Alikuwa kibarua kwa miaka 14, asubuhi moja moja.

Na alikuwa hodari, hilo nataka liandikwe mahali. Sangara wa kilo sita alimvua mnofu upande mmoja kwa mkono mmoja usiosimama, kutoka shingoni hadi mkiani, na panki lililobaki ungeweza kuisoma gazeti kupitia mifupa yake. Panki, kwa wasiojua, ndilo hilo kichwa na mifupa inayobaki mnofu ukitolewa. Lilitoka kiwandani kwa mlango mwingine, likauzwa kwetu, likakaangwa au kukaushwa kwa moshi. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, yalikwenda njia yake, hayo yana bei, yanafika China. Mtaa wetu ulikula panki na ulikuwa na furaha, sitakubali mtu alisimulie kama aibu. Supu ya kichwa cha sangara, yenye ndimu na pilipili, imenisomesha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa sababu baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa sumu. Sikujua Ulaya ni wapi. Nilijua tu kwamba mama aliondoka alfajiri akarudi kabla ya jua kuchomoza, kesho yake vilevile, na kwamba tulianza kula ugali kwa chumvi. Zuio likaisha, akarudi mstarini. Miaka ikaenda. Sangara wakawa wadogo. Mitumbwi ikawa mingi, nyavu zikawa na matundu madogo, kokoro, nyavu za kukokota, zikakwangua mazalia, na viwanda vilivyojengwa kwa ajili ya samaki wengi vikawa vinagombania wachache. Zamu ya usiku ikafutwa. Kidole cha msimamizi kikawa kinanyooka mara ishirini, mara kumi na tano, mara nane. Siku moja geti halikufunguliwa, na wiki iliyofuata vilevile.

Nilimuuliza mama, baada ya habari za Detroit kunijaa kichwani, ni lini hasa aliachishwa kazi. Alikuwa anapepeta dagaa. Alinitazama kama nimeuliza swali la mtoto.

"Hakuna aliyeachishwa kazi, mwanangu. Hawakutuita tu."

Nimelibeba jibu hilo tangu siku ile. Kule Detroit, pamoja na ukatili wote, mtu alikuwa na namba ya mfanyakazi, chama cha wafanyakazi, barua ya kuachishwa, pensheni ya kugombania. Mji ulipofilisika wastaafu wake walisimama mahakamani. Walikatwa, wengi wao asilimia 4.5 ya pensheni na nyongeza ya kupanda kwa maisha wakaipoteza, na iliwauma, lakini walijulikana ni nani na walikuwa wangapi. Alipohama mtu, nyumba yake ilibaki na madirisha yaliyovunjika ikimshuhudia. Wapiga picha walitoka nchi za mbali kuja kuipiga picha.

Hapa mama alipoteza kazi ya miaka 14 bila karatasi hata moja kubadilika popote. Jina lake halikufutwa kwenye orodha kwa sababu halikuwahi kuandikwa. Na chumba chake hakikubaki kitupu. Alibaki humohumo, akaongeza watu: mdogo wake aliyetoka Sengerema na watoto wawili, kwa kuwa shamba la babu lilikuwa limegawanywa mara tatu na kipande kilichobaki hakilishi mtu. Sensa ilipopita, chumba kilichokuwa na mwenye kazi na watoto watatu kilikuwa na watu saba na biashara ya dagaa ya ndoo mbili. Kwenye jedwali hilo ni ongezeko.

Hapo ndipo fahari yangu ya takwimu iliponigeukia. Nilidhani wingi wa watu ni dalili kwamba mji unaita. Wengine uliwaita kweli, wanafunzi wa vyuo vya Nyegezi na Bugando, wafanyabiashara, mafundi wa ujenzi wa daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa 2025. Lakini wengi tuliowahesabu kule juu hawakuitwa na kazi. Walisukumwa na udongo uliochoka, bei ya pamba isiyotabirika, ziwa la visiwani lisilotosha. Na waliokuwa na kazi wakaipoteza hawakuwa na pembezoni yenye nyumba za mkopo ya kukimbilia. Walipanda jiwe moja juu zaidi, ambako kodi ya chumba ni nafuu.

Wengine walitawanyika. Ukiketi nusu saa tu katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, katikati ya magunia ya dagaa na wapakiaji wanaopita wakipiga kelele "mgongo, mgongo," utakutana nao. Huyu alikuwa chumba cha baridi, sasa ana mkokoteni. Yule alikuwa anapima uzito, sasa anapika uji. Vijana walikwenda Geita kuchimba, au visiwani kwenye kambi za uvuvi, Goziba na kwingine, ambako mtu huhama akifuata samaki na hata karani aliye makini huweza kumkosa. Waliobaki barabarani wakawa machinga, na mwaka 2021 machinga walipoondolewa kando ya barabara wakahama tena, na meza zao kichwani. Sijui niite nini kuhama kwa namna hii, ambako mtu anapoteza mahali pake mara tano bila kutoka nje ya wilaya.

Detroit ina mabomba yaliyopungukiwa watu. Sisi tunapandisha ndoo kwa watu waliopungukiwa mabomba. Wanaopanga mipango ya miji yetu wanaliona hilo la pili, na ni haki, wanasema tunahitaji maji, barabara za mawe, madarasa. Ninachowaomba ni kwamba waione na hasara iliyojificha ndani ya wingi. Geti la kiwanda linapofungwa katika mji unaojaa, hakuna kinachoonekana. Hakuna jengo linaloota miti, kwa sababu ghala likikaa wazi mwezi mmoja linapata mpangaji. Hakuna mtaa mtupu. Diwani hawezi kunyoosha kidole na kusema hapa palikuwa na watu 600 wenye ujuzi, wako wapi. Tunasema vijana hawana ujuzi, tunaanzisha mafunzo, na jirani na ukumbi wa mafunzo anaketi mwanamke ambaye mkono wake unajua kitu ambacho kilimchukua miaka 14 kukijua.

Ningetaka halmashauri iwe na daftari. Kiwanda chochote kikipunguza zamu, iandikwe ni watu wangapi walikuwa wakiingia getini, vibarua wakiwemo, hasa vibarua, na mwaka mmoja baadaye mtu aende akaulize wanafanya nini. Si jambo la mabilioni. Tulikuwa na maelfu ya makarani na vishikwambi nchi nzima, na baada ya kazi vishikwambi vikagawiwa kwa walimu. Tunajua kuhesabu. Tumehesabu watu 61,741,120 kutoka Mafia hadi Ukerewe. Tunaweza kuhesabu geti moja.

Niongeze jambo kuhusu Detroit, maana nimeipenda na nisingependa niiache ikiwa magofu. Waliobaki walilima. Viwanja vitupu vikawa mashamba ya kabichi na sukuma wiki, majirani wakafyeka nyasi za nyumba zisizo zao ili watoto wapite salama. Taa mpya 65,000 zikawashwa. Stesheni kubwa ya treni iliyofungwa mwaka 1988, ambayo kila mpiga picha wa magofu aliipitia, ilikarabatiwa ikafunguliwa tena Juni 2024. Na mwezi mmoja kabla yake makadirio ya idadi ya watu yalionyesha kwamba Detroit, kwa mara ya kwanza tangu 1957, imeongezeka. Watu wasiofika elfu mbili. Niliisoma habari hiyo dukani kwangu Buzuruga, katikati ya foleni ya wateja wa fotokopi, na nilifurahi kama mtu aliyesikia mgonjwa wa jirani ameomba chakula. Elfu mbili kwetu ni milango michache ya mlima mmoja. Kule kila mmoja wao alikuwa habari.

Mwezi wa pili mwaka huu nilinunua daftari la kurasa 96 hapo dukani kwangu mwenyewe, nikamwendea mama jioni, nikamwambia anitajie waliokuwa wanasimama getini. Alicheka, akasema ni wengi, akasema wengine aliwajua kwa kitenge tu. Nikamwambia aanze na mstari wake. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja kwa mpangilio wa meza, kutoka penye mizani kwenda kwenye chumba cha baridi, akionyesha kwa mkono kana kwamba meza ziko pale uani. Nilichora safu nne: jina, meza, mwaka alioingia, yuko wapi sasa. Nilipomuuliza ya kwake mwenyewe alinitajia mwaka bila kufikiri, na akanisisitiza niandike kwamba alikuwa wa mnofu, siyo wa ngozi, maana wa ngozi walilipwa chini.

Mpaka leo tuna majina 73. Kumi na moja wamefariki. Tisa wako Geita. Wanne wamerudi vijijini, mmoja ana mashine ya kusaga huko Magu na anaendelea vizuri. Kumi na tisa wako palepale mtaani, tunaonana nao kila siku na sikuwa nimejua. Waliobaki safu ya nne iko wazi.

Jumapili hii tunakwenda Igombe. Mama anasema kuna mwenzake anauza samaki wa moshi huko mwaloni, na huyo ndiye anayewakumbuka wa zamu ya usiku.